Twiga wa Serengeti na wa Tarangire, kweli hawajachanganyika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni dereva wa watalii, naishi Karatu, karibu kila wiki nashuka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyara na Tarangire, alafu narudi kupandisha Ngorongoro mpaka Serengeti. Juzi mgeni mmoja kaniambia twiga wa chini na wa juu damu zao hazijachanganyika miaka mingi sana, na nyumbu hivohivo. Mi nawaona ni walewale tu, madoa yaleyale yaliyochanika kama majani. Wamejuaje? Na kwa nini wanalinganisha twiga na nyumbu wakati ni wanyama tofauti kabisa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mgeni wako kasema kweli, na ww unapita kwenye jibu kila wiki. Pale unaposhuka kuelekea Mto wa Mbu ukaweka gia ya chini, hebu mfikirie twiga na ile miguu yake anapanda ule ukuta. Hawezi.

Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Mtanzania mwenzetu George Lohay ilitoa utafiti wa twiga karibu 100 wa pande zote mbili. Sampuli yenyewe ni ndogo mno, kishale kinapigwa kwa mbali, kinanyofoa kipande cha ngozi kisha kinadondoka, watu wanaenda kukiokota majanini, na kwenye hicho kipande wanasoma DNA za aina mbili. Kuna ile ya mitokondria ambayo mtoto anarithi kwa mama tu, yaani ni kama kuuliza ukoo upande wa bibi mzaa mama peke yake, na kuna jenomu nzima, ya baba na mama. Ya mama ikaonyesha majike wa pande hizi mbili hawajachanganyika kwa kama miaka 250,000 hadi 300,000! Madume wao waliendelea kuvuka, maana dume ndo mtembezi, anatafuta majike, lakini nao uhusiano ulikatika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wangesoma ya mama tu wangepata nusu ya habari.

Sasa kulinganisha. Ukiwa na twiga peke yake huwezi jua kama ni ardhi iliyowatenga au ni mambo yao wenyewe, labda ugonjwa, labda tabia. Ndo unamleta nyumbu. Nyumbu wa mashariki ya bonde, wale wa Tarangire na Simanjiro mpaka kule Nairobi, ni nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi moja, tofauti na hawa wa Serengeti na Mara, na DNA inakubali. Twiga anakula mgunga juu kabisa, nyumbu anakula nyasi chini, maisha hayafanani hata kidogo, ila mstari wa kutengana ni uleule, basi hapo unaanza kuiangalia ardhi yenyewe. Alafu unamleta nyati, nyati wa savana kuanzia huku kwetu mpaka kusini mwa Afrika tofauti zao ni ndogo, wakati twiga wa bara hilohilo wametofautiana mpaka mwaka 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikakubali kwamba ni spishi nne. Bara moja, kila mnyama na ramani yake, na pale ramani zinapokutana ndo penye habari.

Ila kuna mitego. Mstari kuwa mmoja haimaanishi wote walitengana siku moja, kila spishi inapigiwa hesabu yake ya muda. Na ukichukua sampuli za mwisho huku na mwisho kule ukaruka katikati, mabadiliko ya polepole yataonekana kama ukuta, kumbe ukuta umeujenga mwenyewe kwa uvivu wa kukusanya. Hili linaniuma kwa sababu mtu anaweza kuchora mpaka kwenye ramani ambao porini haupo.

Na hizi si habari za maabara tu. DNA ya pembe zilizokamatwa ikilinganishwa na ya kinyesi cha tembo wa maeneo yanayojulikana inaonyesha tembo kauliwa wapi, na mwaka 2015 kazi hiyo ndo ilionyesha kusini mwa Tanzania tumeumizwa kiasi gani. Nyumbu nao, utafiti wa 2024 uliosoma jenomu zaidi ya 100 ulikuta wale ambao njia zao za kuhama zimekatika wana utofauti mdogo wa vinasaba na wanazaana wenyewe kwa wenyewe kuliko wanaohama bado.

Kwahiyo mgeni akikuuliza tena, mwonyeshe ule ukingo. Mwambie kuna sehemu chache mteremko unalegea ambapo twiga angeweza kupita, na saivi sehemu hizo watu wamejenga na kulima.