Wadogo zangu wahandisi wa kike mnaoanza saiti, msikubali kukalishwa ofisini

Wiki yangu ya pili saiti, msimamizi aliniambia kwa upole kabisa: "Dada, jua kali hili, kaa kwenye kontena utusaidie makaratasi." Nikashukuru. Kwa miezi 4 nikawa naandika mihtasari ya vikao, nahesabu mifuko ya simenti kwenye karatasi na, tusifichane, naagiza chai. Wavulana niliomaliza nao chuo walikuwa juu wanakagua nondo na kugombana na mafundi. Ilipofika siku ya kuandika ripoti ya mafunzo, wao walikuwa na kazi za kueleza. Mimi nilikuwa na chai.

Hakuna aliyenitukana wala kunifukuza. Ndiyo maana nilichelewa kushtuka.

Mafunzo ya SEAP, yaani mafunzo kazini ya wahandisi wahitimu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ya Tanzania, ni miaka 3, na miezi unayokaa kwenye kontena hakuna atakayekurudishia. Kila jioni kabla ya kuvua buti andika mstari mmoja: leo nimegusa nini? Zikipita siku 5 hujagusa zege, nondo wala mashine ya levo (ya kupimia usawa), nenda kaseme. Usiende na manung'uniko, nenda na kazi yenye jina: "Kesho wanamwaga zege la jamvi, naomba nipime slampu." (Slampu ni kipimo cha ulaini wa zege bichi.) Ukisema tu "naomba nafasi", utaambiwa subiri.

Halafu hiyo kazi uijue. Mimi nilirudi saiti na koni ya slampu: unajaza zege tabaka 3, kila tabaka unashindilia mara 25, unanyanyua koni polepole. Zege likalala kama uji. Nikalikataa gari zima la zege. Dereva akampigia bosi wake, bosi akampigia msimamizi, fomeni akaninunia mpaka jioni. Gari lililofuata nikalipokea, nikajaza na kyubu (vibonge vya zege vya kupimia nguvu yake). Zilipopondwa siku ya 28 zikafaulu, na fomeni yule akaacha kuniita "binti". (Wengine watakuita "mama" ukiwa na miaka 23. Hilo mimi nimeliacha lipite.)

Choo: ulizia kabla ya kusaini mkataba. Kuna saiti nilikuwa sinywi maji mchana kutwa kwa sababu choo hakikuwa na komeo, nikaishia kuugua. Hili hawalifundishi chuoni.

Mishahara, ulizaneni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia na wa ujauzito, na inataka malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa, lakini utajuaje umepunjwa kama kila mtu anaficha chake? Sheria hiyohiyo inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Toa taarifa kwa maandishi angalau miezi 3 kabla, ukiambatisha cheti cha daktari, na ubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa.

Ukirudi kazini una hadi masaa 2 ya kunyonyesha kila siku. Nilipoyaomba, jibu lilikuwa lilelile la mwaka wa kwanza: "Basi kaa ofisini, ni rahisi kwako." Safari hii sikushukuru. Tukaandikiana kwamba naondoka saa 9 badala ya saa 11, na kesho yake asubuhi nilikuwa ghorofa ya tatu, nguzo zinafungwa.