Kabla hujalipia BMW ya mtu, mlipe fundi wako

Ukizunguka kwenye yadi za Dar es Salaam, au ukipitia matangazo ya magari kwenye simu, utakuta BMW X5 ya mwaka 2008 inauzwa chini ya Harrier ya miaka ya karibuni. Hapo ndipo wengi tunapoanza kupiga hesabu. Viti vya ngozi, paa la kioo, injini ya silinda sita, na hela ipo. Kinachosahaulika ni kwamba kilichoshuka bei ni gari, vipuri vyake havijashuka. Pampu ya maji ya umeme au giaboksi ya ZF haijui kama wewe umelinunua gari kwa bei ya mtumba.

Ndiyo maana kila anayeniuliza humwambia jambo moja: kabla hujatoa hata kishika uchumba, tafuta fundi wako anayelijua gari la aina hiyo, mlipe, alikague. Asiwe fundi wa dalali wala wa muuzaji, na asiwe shemeji yako anayejua sana magari.

Mjini hapa fundi akipeleka mteja kwenye yadi na gari likanunuliwa, mara nyingi ana chake. Wala si siri, cha juu ndiyo kazi ya mji. Lakini fundi anayepata hela pale tu biashara ikifanyika hatakwambia uachane na gari, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Mimi hukubaliana ada na fundi kabla hajaliona gari, na namlipa yote, gari liwe zima au bovu. Kuna na upande wa pili ambao watu hawauangalii. Fundi anayetarajia ulipeleke gari gerejini kwake akalitengeneze ana sababu ya kukuza ubovu. Kwa hiyo namwambia tangu mwanzo kwamba matengenezo nitafanyia kwingine, na kila tatizo atakaloliona alipige picha nami nilione. Ada niliyolipa mara ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko bei ya tairi moja ya X5, na anayezijua tairi za inchi 19 za gari lile atanielewa.

Fundi aliyenitengenezea Corolla kwa miaka mingi ni mtu mwaminifu sana, lakini sikumwita. Haya magari kila moja lina ugonjwa wa ukoo, na anayeujua ni yule anayeyafungua kila siku. Mercedes zenye injini ya M271 ya petroli zinajulikana kwa cheni ya ndani inayolegea. Discovery na Range Rover Sport za dizeli ya V6 zina historia ya kukata krenkshafti, na hapo huzungumzii tena matengenezo, unazungumzia injini nyingine. Volkswagen na Audi zenye giaboksi ya DSG ya gia saba na klachi kavu nazo zina hadithi zake. Fundi wa magari yote atalizunguka gari, atapiga teke tairi, atasikiliza injini na kusema "liko poa". Hadanganyi. Hajui tu pa kutazama.

Kuna X5 moja ya dalali ambayo nilikuwa nimeshaikubali moyoni. Nyeusi, namba D, haina mchubuko. Dalali ananiambia AC inapuliza barafu, gari la mheshimiwa fulani, ni kuingia na kuweka mafuta tu. (Namba D, kwa faida ya wageni, ni namba ya usajili ambayo herufi zake za mwisho zinaanza na D; inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikwambii lilitengenezwa lini wala limepitia mikono mingapi kabla ya kushuka bandarini.) Nilikuwa nimemwomba jambo moja: gari lisiwashwe kabla hatujafika. Tukafika, fundi akafungua boneti, akagusa mpira wa rejeta.

"Bosi, nimeliwasha kidogo tu kulisogeza," dalali akasema.

"Kaka, hili limeunguruma muda mrefu," fundi akamjibu kwa upole. "Tutarudi kesho asubuhi. Funguo ziachwe kwa mlinzi."

Mimi niliona anapoteza muda, ila sababu yake ilikuwa ya msingi. Injini hutoa siri zake katika dakika ya kwanza ikiwa imelala usiku kucha. Cheni iliyolegea hugonga hapo. Sili za valvu zilizochoka hutoa moshi wa bluu hapo, kwa sababu oili imechuruzika ndani usiku. Ikishapata moto, mengi ya hayo hunyamaza. Gari lenye springi za hewa nalo lilazwe: asubuhi ukilikuta limekaa chini upande mmoja, kuna hewa inavuja, na kompresa imekuwa ikihangaika kuijaza kila siku mpaka nayo ichoke.

Kesho yake liliwaka vizuri tu, likagonga kidogo kisha likatulia. Fundi akachomeka mashine yake. Kompyuta ya injini haikuwa na kosa hata moja. Mimi nikafurahi, yeye akakunja uso. Kompyuta ya injini hujifanyia vipimo vyake yenyewe gari linapotembea, na mashine nzuri inaonyesha vipi vimekamilika na vipi bado. Siku ile karibu vyote vilikuwa bado. Maana yake kuna mtu alifuta kumbukumbu muda si mrefu, na taa ya injini kwenye dashibodi ilizimika kwa sababu hiyo, si kwa kutengenezwa.

Akaendelea kusoma kompyuta nyingine, maana gari kama lile lina nyingi: ya breki, ya giaboksi, ya mikoba ya hewa, ya viti, ya milango. Aliyefuta alikuwa na kimashine cha bei rahisi kinachogusa injini peke yake. Kwenye kompyuta ya breki kulikuwa na kosa la zamani la sensa ya gurudumu, na BMW huandika kosa limetokea gari likiwa na kilomita ngapi. Iliandikwa 141,000. Dashibodi mbele yetu ilikuwa inasoma 96,000.

"Hizo mashine huwa zinadanganya, bosi," dalali alisema. Tukamshukuru, tukaondoka.

Kilomita 141,000 zisingenitisha. Injini ile ikibadilishiwa oili kwa wakati inafika mbali kuliko hapo. Kilichonikimbiza ni kwamba aliyezificha ndiye huyo huyo niliyetakiwa kumwamini kuhusu oili ya giaboksi, kuhusu ajali na kuhusu kadi ya gari.

Gari nililokuja kulinunua lilikuwa X5 nyingine, lenye kilomita nyingi zaidi na rangi isiyovutia, linauzwa na mwenyewe, mama mmoja wa Mikocheni. Nilimpigia nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba nije na fundi." Akasema, "Marahaba mwanangu, njoo naye, na mimi nijue linaumwa nini." Jibu la namna hiyo silipi alama zote, lakini mwenye gari anayekataa gari kupandishwa lifti kwenye gereji uliyoichagua wewe amekurahisishia kazi. Usibishane naye.

Lifti ni lazima. Gari likiwa chini unaona rangi na rimu tu. Uvunguni ndiko fedha zako zitakakokwenda. Kwenye X5 ya mama fundi alionyesha oili ikivuja kwenye gasketi ya kishikilia filta, ugonjwa wa kawaida wa injini zile, akaangalia bushi, mipira ya ekseli na sampo ya giaboksi. Watu watakwambia oili ya giaboksi ile haibadilishwi maisha yote. ZF wenyewe, waliotengeneza giaboksi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Ukiona muuzaji anaapa kwamba haijawahi kuguswa kana kwamba ni sifa, andika hiyo kwenye hesabu.

Kisha akatazama tairi, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho nisingekifikiria kamwe. Mbele zilikuwa za kampuni moja, nyuma za nyingine, na za nyuma zimekwisha zaidi. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote muda wote, tofauti hiyo ya mzunguko inasumbua kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Akanipeleka kwenye kiwanja, akakata usukani mpaka mwisho, akazunguka polepole. Gari likawa linashikashika kidogo. Liandikwe.

Buti nalo lifunguliwe mpaka chini. X5 za umbo lile huweka betri na baadhi ya vifaa vya umeme chini ya sakafu ya buti, na mifereji ya kutoa maji ya paa la kioo ikiziba, maji hutafuta njia mpaka huko. Alikuta unyevunyevu, bado haujala nyaya. Kwa gari lolote la Dar ningefungua na zulia la mbele, hasa kama limeishi karibu na bonde la Msimbazi, linalofurika mvua zikizidi. Tope kavu kwenye reli za viti na kutu kwenye bolti zake havitokani na kumwagikiwa soda.

Mengine nitayataja haraka. Kipima unene wa rangi ni kifaa kidogo chenye kutoa majibu makubwa: rangi ya kiwandani huwa kwenye mikroni 100 mpaka 180 hivi, na ukipata elfu moja na zaidi, chini yake kuna puti. Washa switchi bila kuwasha injini uone taa ya mkoba wa hewa: iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna aliyeitoa ili usiione. Kama gari limetoka Japani, omba karatasi ya mnada na uhakikishe namba ya chesisi ni hiyo hiyo. Daraja R au RA linamaanisha liliwahi kutengenezwa baada ya ajali, W kwenye mchoro ni paneli iliyonyooshwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. Ila karatasi hiyo inalieleza gari siku lilipokuwa Japani. Miaka yake ya matuta na mashimo ya hapa haimo. Vivyo hivyo ukaguzi wa TBS na stika ya usalama barabarani: vinaangalia kama gari linafaa kutembea barabarani. Hakuna anayeangalia kwa niaba yako litakugharimu kiasi gani mwakani.

Karatasi usimwachie fundi. Linganisha mwenyewe namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, angalia faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, na taka kuiona kadi halisi. Ukiambiwa kadi "iko benki", basi imewekwa dhamana ya mkopo, na gari bado lina mwenyewe mwingine.

Ripoti ya fundi niliipeleka kwanza kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na Ilala, nikauliza bei ya kila kipuri kilichotajwa, kipya na kilichotumika, nikaandika pembeni. Kilichovunja biashara hakikuwepo. Kilichopunguza bei kilikuwepo: uvujaji, tairi, kisanduku cha nguvu. Kulikuwa na vitu ambavyo niliamua kuviacha, kama kitufe cha kiti kisichofanya kazi na mkwaruzo kwenye bampa, kwa sababu ukianza kulalamikia kila kitu muuzaji huacha kukusikiliza hata kwenye mambo ya maana. Mama alisoma karatasi yote kwa utulivu, akampigia fundi wake, wakaongea kidogo. Nilimpa achague, atengeneze yeye au apunguze bei. Akapunguza, si kiasi chote nilichokuwa nimekipigia hesabu, lakini karibu.

Malipo tulifanyia benki, mkataba ukashuhudiwa na wakili, uhamisho wa umiliki ukaanza TRA wiki hiyo hiyo. Hela iliyobaki ilikwenda kwenye tairi nne za aina moja, oili ya giaboksi na ya kisanduku cha nguvu, na pampu mpya ya maji. Ile ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi, lakini ilikuwa ya tangu kiwandani, na pampu hizi za umeme hazina desturi ya kukuaga. Zikizima ukiwa kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, silinda hedi ya aluminiamu haikusubiri ufike nyumbani.