Jibu: Je, CT yatosha kujua hatua ya saratani ya kibofu cha mkojo?

Ndugu, umeuliza kama picha ya CT (eksirei ya kompyuta) aliyopigwa mzee yatosha kuonyesha saratani ya kibofu imefika hatua gani. Kwa tezi za limfu, figo na mapafu inasaidia sana, lakini haitenganishi vizuri tabaka za ukuta wa kibofu, na hapo ndipo penye uzito, kwani uvimbe ulioingia kwenye misuli hupunguza matarajio ya kuishi na hubadilisha tiba yote. Katika MRI (picha inayotumia sumaku), msuli wa kibofu huonekana kama mstari mweusi. Mstari huo ukikatika, alama ya VI-RADS, mfumo wa mwaka 2018 wa kukadiria kama uvimbe umeingia kwenye misuli, wenye ngazi 1 hadi 5, hufika 4, yaani huenda umeingia. MRI ipigwe kabla ya uvimbe kukwanguliwa, maana jeraha bichi hupotosha picha. Hata hivyo, kinyama kilichopimwa maabara ndicho kinachothibitisha.