Maswali ya Wasomaji: Kuwapeleka watoto mikokoni

SWALI: Mhariri, salaam. Nafundisha Gredi ya 7 huku Kinango. Nataka kuwapeleka wanafunzi 40 Gazi, waone mikoko na lile jangwa la chumvi lililo nyuma yake. Basi la shule tunalipata Ijumaa tu. Tufike saa ngapi, na watoto wavae nini? – Mwalimu, Kinango

JIBU: Mwalimu, tazama maji kwanza, basi baadaye. Chagua Ijumaa iliyo siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, yaani wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi. Siku hizo pwani yetu hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Ingieni saa mbili na nusu maji yakiwa bado yanatoka. Saa tano asiwepo mtoto hata mmoja topeni. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, usiende: asubuhi ndipo yanapojaa, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Thibitisha kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, lakini lisome kwa makini. 10:00 ni saa nne. Ukiisoma saa kumi, utawafikisha watoto hori, yaani mkono wa bahari uingiao mikokoni, ikiwa imefurika.

Kwa nini saa tano, na maji bado yako chini? Kwa sababu hayapandi kwa mwendo mmoja. Siku ambayo tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3.6, saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kama sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90. Tena hayaji kutoka mbele mnakotazama. Hupitia vijito vya hori na kuwazunguka kwa nyuma.

Wavae raba kuukuu zilizofungwa kamba barabara. Ndara hubaki topeni, na miguu mitupu hukatwa na chaza walioshika kwenye mizizi. Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtoto, kofia, na mtu mzima mmoja kwa watoto wanane. Akizama hadi gotini, msimvute mkono: tope limemfyonza mguu, na nguvu yenu itamtegua. Akae kitako, autikise mguu taratibu ili maji yapenye pembeni, kisha autoe kisigino kwanza.

Wasiotaka tope watumie njia ya mbao ya akina mama wa Gazi. Wapigieni hodi mapema. Na tawi lisikatwe: mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932.

SWALI: Mwanangu alirudi ziarani akisema nyuma ya mikoko ni uwanja mweupe usioota kitu, miti imekatwa yote. Ni kweli? – Mama, Tiwi

JIBU: Mama, mwambie atafute visiki. Palipokatwa huonekana visiki. Uwanja usio na kisiki, wenye ukoko mweupe unaovunjika ukiukanyaga, kwa kawaida ni jangwa la asili. Maji ya bamvua tu ndiyo hufika pale. Yakishafika, jua huyakausha na chumvi hubaki, mwezi baada ya mwezi, hadi udongo unakuwa mkali kupita bahari yenyewe.

Pambizoni utaona mchu, aina mojawapo ya mikoko, usiozidi kiuno cha mtoto, ilhali mchu huohuo kando ya hori ni mti mrefu. Ligeuze jani lake asubuhi ya kiangazi: utaona chembe za chumvi, na ukiligusisha ulimi utazionja. Mchu hutoa chumvi kwa majani. Mkoko wenyewe, ambao ni aina nyingine, huizuia nyingi mizizini, ndiyo maana majani yake hayana chembe hizo.

Nyumbani, chemsheni mililita 100 za maji ya bahari, zikauke: mtapata kama gramu 3.5, zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Punguza moto mwishoni na ufunike, maana chumvi ikianza kukauka huruka na kuchoma. Rudieni kwa maji ya dimbwi la jangwani, kipimo kilekile, mlinganishe vijiko.