Re: Prosesa ya sauti kanisani inaruka amri

Mkuu, umesema prosesa yenu (kifaa kinachopanga sauti za maikrofoni na spika) hapo Uyole inapokea amri moja na kuacha mbili, na waya wa siriali kutoka kwenye kompyuta ni mita 40. Tatizo ni huo urefu. RS-232, yaani aina hiyo ya muunganisho wa siriali, ni ya mita 15 hivi. Ukizidi hapo, shusha kasi ya mawasiliano hadi biti 9600 kwa sekunde au chini, kompyuta na prosesa zilingane. Mimi nisingehangaika nao. Kama prosesa ina tundu la mtandao, vuta kebo ya mtandao ya Cat5e, inafika mita 100, kisha ipe prosesa anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika. Nilifunga hivyo Mafinga: umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaipata palepale. Ila tafadhali usiiunganishe na Wi-Fi ya waumini. Mtu anaweza kuzima maikrofoni ya mchungaji katikati ya ibada.