Kung'amua au kugeuza sauti za kanda?

SWALI: Nina ofisi ndogo Kirumba, Mwanza. Wateja huniletea kanda za kaseti zenye ngoma za Kisukuma, nami huziingiza kwenye kompyuta. Kibao changu kimeandikwa "Tunang'amua kanda kuwa dijitali". Mteja mmoja, ambaye ni mwalimu, amesema neno hilo halifai hapo. Niandikeje?

JIBU: Mwalimu huyo yuko sahihi. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika au lisiloeleweka, na ndiyo maana neno king'amuzi lilikubalika upesi mwaka 2013, matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa Mwanza. Mawimbi yaliyorushwa tangu hapo yalikuwa tayari ya dijitali, televisheni za chogo hazikuweza kuyaelewa, kikahitajika kifaa cha kuyafumbua na kuyarudisha katika umbo zililolizoea. King'amuzi, basi, huanzia kwenye dijitali, yaani mawimbi yaliyoandikwa kwa namba. Wewe unaanzia kwenye analojia, yaani mawimbi ya mfululizo yasiyo ya namba.

Kitenzi kinachokufaa ni kugeuza, kwa kuwa linalobadilika ni umbo la sauti, si ngoma yenyewe. Katika utepe wa kaseti, sauti imehifadhiwa kwa usumaku unaopanda na kushuka mfululizo, pasipo pengo lolote. Kompyuta haiwezi kuuweka mfululizo huo jinsi ulivyo, hivyo huupima tena na tena kwa vipindi vilivyo sawa na kuandika kila kipimo kwa namba. Vipimo hivyo ndivyo tunavyoviita sampuli. Kwa kiwango cha CD, huchukuliwa sampuli 44,100 kila sekunde, na kila moja hupewa ngazi mojawapo kati ya 65,536. Idadi hiyo ya sampuli ina sababu: sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takribani 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya upimaji hutaka sampuli zizidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotaka kuuhifadhi.

Kibao chako kina kasoro nyingine ambayo mwalimu hakuitaja, nayo inanisumbua zaidi kwa sababu naiona hata magazetini. Dijitali hapa inaeleza aina ya sauti, kwa hiyo inahitaji -a unganifu inayokubaliana na nomino: sauti ya dijitali, mawimbi ya dijitali. Tena, kinachogeuzwa ni sauti. Kanda hubaki kanda, na mteja huondoka nayo. Andika: "Tunageuza sauti za kanda kuwa za dijitali." Ukitaka kueleza namna ya kufanya jambo, tumia kidijitali: "Tunahifadhi ngoma kidijitali."

Mafundi wengi husema kuhamisha, na katika mazungumzo sioni ubaya. Kwenye orodha ya bei, hata hivyo, nakusihi uyatenganishe maneno haya. Kutoa nyimbo kwenye CD na kuzitia kwenye flashi ni kuhamisha tu, maana namba zilikwisha kuwapo. Kaseti inakudai kazi ya kugeuza, na mteja anastahili kujua kwa nini bei za kazi hizo mbili hazilingani.