Kioo cha mbele na rimoti kwenye kompyuta ya sebuleni, mi nilifanya hivi

Mkuu umeuliza kama deskitopu ya mtumba unayotaka kuiunga kwenye TV sebuleni inaweza kuwekewa kioo kidogo mbele na ikawashwa kwa rimoti kama king'amuzi. Inawezekana, ya kwangu iko hivyo mwaka wa tatu sasa. Ila anza na rimoti, kioo kifuate. Mi nilianza kinyume nikabaki na kioo kinang'aa vizuri huku bado nanyanyuka kwenye kochi kwenda kubonyeza kompyuta, watoto wanacheka.

Kilichonirahisishia ni bodi ndogo inaitwa Pro Micro, ile yenye chipu ya ATmega32U4, usije ukapewa Nano, ambayo ni bodi nyingine, ukaambiwa ni zile zile. Hii kompyuta inaiona kama kibodi na wakati huo huo inaiona kama poti ya siriali (njia ya kupitishia maandishi), kwa hiyo waya mmoja tu wa USB, rimoti inaingia kama vitufe vya kibodi na maandishi yanatoka kwenda kwenye kioo. Natumia Kodi, programu ya kupigia muziki na filamu, na sikuongeza chochote upande wa rimoti, mishale ni mishale, Space inasimamisha kwa muda, X inakatisha kabisa kinachopigwa, Backspace inarudi nyuma.

Jicho la kupokea rimoti, lile linaloungwa kwenye bodi, nilinunua mawili na la kwanza niliunguza ndani ya dakika moja kwa kujifanya najua. Nilichukua mchoro wa TSOP1738, ambalo ukilitazama usoni miguu kutoka kushoto ni graundi, umeme, data, nikauunga kwenye VS1838B ambalo ni data, graundi, umeme. Yani umeme nimeupeleka kwenye mguu wa graundi, nagusa hivi limechemka hatari. Soma namba iliyo kwenye jicho lako kwanza ndo uunge. Rimoti tumia ya king'amuzi cha zamani kilichokufa, ya TV usitumie maana ukiongeza sauti vinaitika vyote viwili. Kujua kama ni nzima ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze, utaona kitaa kinawaka rangi ya zambarau. Na kama una zile taa za mzunguko za kubana umeme usiliweke jicho likaziangalia, kwangu vitufe vilikua vinaruka mpaka nikabadili balbu.

Sasa kuwasha, hapa ndo wengi wanakwama. Kompyuta ikizimwa bodi lazima ibaki na umeme, otherwise hamna wa kuisikiliza rimoti. Ubao wa kompyuta una volti 5 za kusubiri hata ikiwa imezimwa, ila ingia BIOS (setingi za ubao wenyewe) uzime ErP, ile ya kubana umeme kompyuta ikizimwa, kwenye Dell inaitwa Deep Sleep Control, la sivyo poti za USB zinakatwa. Mi nilihangaika jioni nzima narudia kuandika programu ya bodi upya kumbe tatizo ni hako kasetingi. Baada ya hapo chukua optokapla PC817, yani kiswichi kinachofungwa na kitaa kilicho ndani yake, upande wa taa unga kwenye mguu wa bodi kupitia rezista ya omu 330, upande wa pili chomelea sambamba na swichi ya kuwashia. Ukibonyeza kitufe chekundu cha rimoti bodi inafunga swichi kwa nusu sekunde, sawa na kidole chako. Ikigoma geuza zile nyaya mbili za upande wa swichi, ina chanya na hasi.

Kioo nilinunua kikubwa cha herufi 20 kwa mistari 4 nikiwaza kukiweka palipokua na DVD. Nafasi ile ina urefu wa milimita 41 kwenda juu, kioo chenyewe kina 60. Nikarudi Kariakoo kuchukua cha 16 kwa 2, hicho ni 36, kinaingia bila kukata bati. Chukua chenye kibao cha I2C mgongoni, unakiunga kwenye bodi kwa nyaya 4 tu. Kikiwaka taa bila herufi usikirudishe dukani, zungusha kwanza kile kiskrubu cha bluu nyuma, na anwani yake jaribu 0x27, ikigoma 0x3F.

Maandishi yanaletwa na skripti fupi ya Python inayoiuliza Kodi kupitia poti 8080 (ruhusu kuongozwa kwa HTTP kwenye setingi za huduma) wimbo gani unapigwa, halafu inausogeza taratibu maana herufi 16 hazitoshi. Nyimbo za Wakongo zenye majina ya Kifaransa zilinishangaza, kila penye é zinatokea herufi mbili za Kijapani, vioo vingi vya aina hii vimejazwa katakana. Toa alama za juu ya herufi kabla ya kutuma.

Na kama unajiuliza kioo cha nini wakati TV ipo, kwangu jumapili muziki unapiga toka asubuhi na TV imezimwa, LUKU inapumua.

Ukianza kuandika skripti sema uko Windows au Linux, maana Linux bodi inatokea kama ttyACM0 na Windows ni COM yenye namba ambayo inaweza kubadilika ukiihamishia tundu lingine la USB.